Nyumba ilikaguliwa, paa likavuja: Nani analipa?

Ripoti ya mkaguzi huipa familia amani kabla ya kutoa akiba yake yote. Lakini kesi zilizofika mahakamani Uingereza na Marekani zinaonyesha kwamba karatasi hiyo hulinda kwa kadiri ya kilichoulizwa, kilichoandikwa na kilichosainiwa.

Mwaka 1980 mama mmoja wa Norwich, mji ulioko mashariki mwa Uingereza, alipata nyumba aliyoona anaimudu. Bei ilikuwa pauni 18,000. Sehemu kubwa ya fedha alikuwa nayo, akahitaji mkopo wa pauni 3,500 tu.

Kabla ya kutoa mkopo, taasisi ya mikopo ya nyumba ilimtuma mkaguzi wa majengo kwenda kuiangalia nyumba hiyo. Gharama ya ukaguzi, pauni 36.89, aliilipa mama mwenyewe. Ripoti ikarudi ikisema nyumba ina thamani ya pauni 16,500 na haihitaji matengenezo ya lazima. Mama akapewa nakala. Akaisoma, akaridhika, akanunua.

Miezi 18 baadaye matofali ya dohani, lile bomba kubwa la kutolea moshi juu ya paa, yaliporomoka. Yalitoboa paa, yakapita darini, yakaingia chumba kikuu cha kulala na kufika hadi chini.

Ikabainika kwamba zamani kuna mtu alibomoa sehemu ya ukuta iliyoibeba dohani hiyo kwenye vyumba vya juu ili kupata nafasi. Mkaguzi aliona kwamba sehemu hiyo imeondolewa. Asichofanya ni kuangalia kama matofali yaliyobaki juu yana kitu cha kuyashikilia.

Mama alipodai fidia, alijibiwa kwa karatasi aliyoisaini mwenyewe. Fomu ya mkopo ilisema ripoti ile haikuwa ukaguzi kamili, kwamba mkaguzi hawajibiki kwa mnunuzi, na kwamba anayetaka uhakika atafute mtaalamu wake.

Kesi ilipanda ngazi hadi Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza. Mwaka 1989 hukumu ikatoka: mkaguzi alipe. Fidia ilikuwa pauni 4,379.97.

Wanasheria wanaiita kesi ya Smith dhidi ya Bush. Kwa mzazi anayejiandaa kununua nyumba, iwe Dar es Salaam, Nairobi au ughaibuni, kesi hiyo na nyingine zilizofuata zina mafunzo ambayo ni heri kuyapata kabla ya kusaini.

Kwa nini mkaguzi alibanwa

Malodi hawakusema kwamba kila nyumba ikiharibika mkaguzi alipe. Walisema mtaalamu anayejua kwamba familia itaitegemea kauli yake, na imemlipa kwa ajili hiyo, ana wajibu wa kuwa mwangalifu. Kukosa uangalifu huo ndio uzembe, na uzembe ukileta hasara hulipwa.

Lakini vipi kuhusu maandishi ya fomu yaliyomwondolea wajibu? Sheria ya Uingereza ya mwaka 1977 kuhusu masharti yasiyo ya haki, iliyotumika wakati huo, ilitaka sharti la namna hiyo liwe la haki ndipo lifanye kazi. Jaji Lord Griffiths akataja maswali manne ya kupimia haki hiyo.

Kwanza, je, pande mbili zilikuwa na nguvu sawa za kujadiliana? Hazikuwa. Fomu imeshachapwa, na mnunuzi ama anasaini ama anakosa mkopo.

Pili, je, ilikuwa rahisi kwa mnunuzi kupata ushauri mwingine, ukizingatia gharama na muda? Anayenunua nyumba ya kawaida mara nyingi ameshajifunga mkanda. Kumwambia alipe mtaalamu wa pili kwa kazi ile ile ni kumbebesha mzigo juu ya mzigo.

Tatu, je, kazi yenyewe ni ngumu kiasi gani? Kukagua nyumba ya kawaida kwa macho si kazi ya hatari wala ya kubahatisha.

Nne, na hili ndilo la uzito, hasara ikitokea nani anaweza kuibeba? Mkaguzi ana bima, na gharama ya bima hugawanywa kidogo kidogo kwa wateja wote. Familia haina pa kuigawia. Hasara yote inaiangukia yenyewe, na inaweza kuifilisi.

Kinga hiyo ina mpaka. Mwaka 2011 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilikataa kuipanua ili imfunike mtu aliyenunua fleti kwa ajili ya kupangisha. Anayenunua kwa biashara alionekana kuwa na uwezo zaidi wa kujitafutia ushauri wake. Kinga ililengwa kwa mtu anayenunua paa la kulalia yeye na watoto wake.

Kazi ya saa chache

Nchini Marekani ukaguzi wa nyumba ni fani inayojitegemea. Ilianza kushika mizizi miaka ya 1970, na moja ya vyama vyake vikubwa, ASHI, kiliundwa mwaka 1976.

Utaratibu wa kawaida ni huu. Mnunuzi na muuzaji wakishakubaliana bei, mnunuzi hupewa siku chache za kuleta mkaguzi. Mkaguzi hukaa kwenye nyumba saa mbili hadi nne kwa malipo ya dola mia kadhaa. Huangalia paa, dari, msingi, mabomba, umeme na mitambo ya joto na ubaridi, kisha huandika ripoti. Kwa ripoti hiyo mnunuzi anaweza kuomba matengenezo, kushusha bei, au kujiondoa kama mkataba wake unaruhusu.

Ila kuna jambo ambalo familia nyingi hulijua kwa kuchelewa. Ukaguzi huo ni wa macho. Mkaguzi havunji ukuta, hachimbi sakafu, hasogezi kabati lililojaa nguo. Mchwa, ukungu, gesi ya radoni na shimo la maji taka kwa kawaida hukaguliwa kwa malipo ya ziada.

Hapo ndipo ugomvi huzaliwa. Mnunuzi anaamini amelipia uhakika kwamba nyumba ni nzima. Mkaguzi anasema alilipwa kuangalia kinachoonekana siku ile. Siku bomba lililofichwa ukutani likipasuka, kila mmoja anashika karatasi ile ile na kuisoma kwa namna yake.

Mahakama hujiuliza swali dogo: je, mkaguzi mwenye ujuzi wa kawaida, akiwa pale siku ile, angeona dalili? Kama ukuta ulikuwa mkavu na umepakwa rangi vizuri, mkaguzi anaweza kusalimika. Kama kulikuwa na doa la maji la rangi ya chai darini na hakuliandika, ana maelezo ya kutoa.

Kikomo cha dola 192.50

Kesi moja ya jimbo la New Jersey inaonyesha jinsi mstari mmoja wa mkataba unavyoweza kugharimu.

Wanunuzi wawili walikuwa wananunua nyumba yao ya kwanza kwa dola 128,500. Walimlipa mkaguzi dola 385. Baada ya kuhamia, maji yakaanza kuvuja kutoka juu. Fundi wa paa akawaambia kwamba sehemu fulani za paa hazikuwekewa mabati membamba ya kuzuia maji kwenye maungio. Matengenezo yalikadiriwa kuwa kati ya dola 8,000 na 10,000.

Mkataba wa ukaguzi ulikuwa na kipengele kilichosema kwamba kosa lolote likitokea, fidia haitazidi dola 500 au nusu ya ada, yaani kile kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Nusu ya 385 ni dola 192.50.

Mahakama ya kwanza ilikubali kipengele hicho. Mwaka 2004 mahakama ya rufaa ya jimbo ikakikataa na kurudisha kesi isikilizwe. Majaji waliona kwamba mkataba ulikuwa umeandaliwa na upande mmoja, mnunuzi wa kawaida hakuwa na nguvu ya kuubadili, na kiasi kilichotajwa kilikuwa kidogo mno hata kisimpe mkaguzi sababu ya kuwa makini. Serikali ya jimbo ilikuwa imeweka leseni ya kazi hiyo ili kuwalinda wanunuzi. Kuruhusu kikomo kama hicho kungeifanya leseni iwe pambo.

California imeliandika jambo hilo kwenye sheria zake. Jimbo hilo haliwapi wakaguzi wa nyumba leseni, lakini sheria yake inasema kipengele kinachobana fidia isizidi ada ya ukaguzi ni batili. Pia inampa mnunuzi miaka minne, kuanzia siku ya ukaguzi, kufungua kesi.

Si majimbo yote yanayofuata msimamo huo. Kwa hiyo familia isisaini ikijipa moyo kwamba mahakama itakuja kuufuta mstari mbaya. Kumwomba mkaguzi aufute au aongeze kikomo kabla ya kazi ni bei rahisi kuliko wakili.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa familia za Kiafrika zilizohamia huko. Si ajabu katika nyumba nyingi mtoto wa sekondari ndiye mkalimani wa barua za shule, hospitali na hata benki. Mtoto anaweza kusoma Kiingereza cha mkataba vizuri sana na bado asijue kwamba aya ya tisa inampa baba yake dola 192 kwa paa la dola 10,000. Mkataba wa ukaguzi uombwe siku mbili kabla, usomwe na mtu mzima anayeelewa mambo hayo, na usiwe karatasi ya kusainia juu ya boneti la gari wakati mkaguzi ameshashusha ngazi.

Kushinda si kurudishiwa kila kitu

Hata anayeshinda anaweza kutoka mahakamani akiwa na pengo. Mume na mke walionunua nyumba ya shamba huko Uingereza kwa pauni 177,500 walilijua hilo mwaka 1991, katika kesi ya Watts dhidi ya Morrow.

Walikuwa wamelipia ukaguzi wa kina. Ripoti ilisema kwa ujumla nyumba ni imara na iko katika hali nzuri. Walipoingia walikuta kasoro ambazo ripoti haikuzitaja, na matengenezo yakawagharimu karibu pauni 34,000.

Jaji wa kwanza aliwapa gharama zote za matengenezo, na pauni 4,000 kila mmoja kwa ajili ya usumbufu. Mahakama ya Rufaa ikapunguza. Gharama za matengenezo zikaondolewa, badala yake wakapewa pauni 15,000, tofauti kati ya bei waliyolipa na thamani halisi ya nyumba ikiwa na kasoro zake siku waliyoinunua. Fidia ya usumbufu ikashuka hadi pauni 750 kila mmoja.

Sababu ya majaji inafaa kukumbukwa na kila mzazi. Mkaguzi hakuwauzia nyumba, wala hakuwaahidi kwamba haina kasoro. Aliahidi kuikagua kwa uangalifu. Kama angetimiza ahadi hiyo, wasingepata nyumba isiyo na kasoro kwa bei ile ile. Wangeinunua kwa bei ndogo, au wangeiacha. Hasara ya kosa lake, basi, ni ile bei waliyozidisha.

Yaani mahakama haimrudishii mtu nyumba aliyoiota. Inamrudishia, kwa kadiri inavyoweza, fedha alizolipa kupita kiasi.

Swali lililoulizwa kwa maandishi

Kesi nyingine ya Uingereza inatoa somo la matumaini zaidi. Mwaka 1990 bwana mmoja aliyekuwa akijiandaa kustaafu alitaka nyumba tulivu ya mashambani huko Sussex. Ilikuwa kiasi cha maili 15 kutoka uwanja wa ndege wa Gatwick, na bei yake ilikuwa pauni 420,000.

Hakuridhika kumwambia mkaguzi "angalia nyumba". Alimuuliza mahsusi: je, nyumba hii itasumbuliwa na kelele za ndege? Ripoti ikajibu kwamba haielekei kuwa na usumbufu mkubwa. Akanunua, akatumia zaidi ya pauni 100,000 kuikarabati, akahamia. Asubuhi, alipokuwa akitaka kukaa bustanini, ndege zilikuwa zikizunguka juu zikisubiri zamu ya kutua.

Mahakamani ilionekana kwamba thamani ya nyumba sokoni haikushuka, kwa hiyo kwa kipimo cha kesi iliyotangulia asingepata chochote. Lakini mwaka 2001 Malodi walithibitisha fidia ya pauni 10,000. Alikuwa ameuliza swali muhimu kwake, mkaguzi akakubali kulijibu, na akalijibu bila kuwa makini.

Familia inaweza kulitumia somo hilo bila kwenda mahakamani. Mzazi mwenye mtoto wa pumu aulize kwa maandishi kuhusu ukungu na unyevu. Mwenye watoto wadogo aulize kuhusu uimara wa reli za ngazi na roshani. Anayenunua bondeni aulize kuhusu mafuriko. Mkaguzi akisema hilo haliko ndani ya kazi yake, hilo nalo ni jibu, maana familia itajua imtafute nani.

Upande wa mwenye ngazi

Si haki kumchora mkaguzi kama adui. Mara nyingi ni mtu mmoja mwenye gari, ngazi, tochi na familia yake ya kulisha. Kwa ada ya dola mia kadhaa anatoa maoni juu ya mali ya dola laki kadhaa, na wapo wateja wanaomfuata kwa kila bomba linalozeeka. Hata kesi isiyo na msingi ina gharama ya wakili.

Kinachomlinda mkaguzi mwaminifu ndicho hicho hicho kinachoilinda familia: picha nyingi, maneno yasiyo na utata, na kutaja wazi asichokiona. Ripoti inayosema "sikuweza kuingia darini kwa sababu mlango ulifungwa" inamsaidia yeye, na inamwambia mnunuzi atafute ufunguo kabla ya kulipa.

Ngao yake nyingine ni bima inayolipa hasara ya mteja pale mtaalamu anapokosea. Texas inawataka wakaguzi wenye leseni wawe na bima ya angalau dola 100,000 kwa tukio, na New Jersey dola 500,000. Kwa mnunuzi, bima hiyo ina maana moja kubwa: akishinda kesi, kuna pa kulipwa. Hukumu dhidi ya mtu asiye na bima wala mali ni karatasi ya kufunika daftari.

Kuna jambo la kuangaliwa hapo. Bima nyingi za aina hii hulipa ikiwa ziko hai siku dai linapoletwa. Kuwa hai siku kazi ilipofanyika hakutoshi. Mkaguzi aliyefunga biashara na kuacha kulipia bima anaweza kumwacha mteja wa zamani mikono mitupu. Hii ni sababu mojawapo ya kutoa taarifa mapema kasoro inapoonekana.

Nyumbani Afrika Mashariki

Tanzania na Kenya, kukagua nyumba kwa ajili ya mnunuzi hakujawa kazi yenye jina na leseni yake kama ilivyo New Jersey. Familia nyingi hwenda na shemeji anayejua ujenzi, au fundi wa mtaani anayegonga ukuta mara mbili na kusema uko sawa. Akipewa soda na nauli, anaondoka. Hakuna kilichoandikwa, na mali bila daftari hupotea bila habari. Siku nyufa zikitokea itakuwa vigumu kuthibitisha alisema nini na alilipwa kwa kazi gani.

Wanaochukua mkopo hukutana na hali inayofanana sana na ya yule mama wa Norwich. Benki humtuma mthamini, gharama humwangukia mkopaji, na mkopo ukipita familia husema nyumba imepimwa na benki, kwa hiyo ni nzima. Lakini mthamini amejibu swali la benki: mkopaji akishindwa kulipa, nyumba hii itauzwa kiasi gani? Swali la mama, kama dari litawaangukia watoto, linaweza kuwa halikuulizwa kabisa.

Hukumu za Uingereza hazizifungi mahakama za Tanzania wala Kenya, ingawa mawakili huzitaja kwa kuwa mizizi ya sheria ni mmoja. Hivyo si busara kutegemea kwamba hukumu ya mwaka 1989 itaifuata familia hadi Mbagala au Kitengela.

Lililo salama zaidi ni kumwajiri mtaalamu aliyesajiliwa, kwa mkataba ulioandikwa. Tanzania wahandisi husajiliwa na bodi yao, ERB, na wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi na AQRB. Wathamini wana bodi iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016. Kenya, wahandisi wako chini ya bodi yao, EBK. Usajili unampa mteja jina la kuuliza na mahali pa kupeleka malalamiko bila kuanza na mahakama. Bodi inaweza kumchukulia hatua mwanachama wake, ingawa anayetaka fidia kwa kawaida atalazimika kufungua dai.

Na muda una mwisho wake. Kwa sheria za Tanzania na Kenya, dai la kuvunjwa mkataba kwa kawaida lina miaka sita, na dai la uzembe usiotokana na mkataba lina miaka mitatu. Anayesema "tuache kwanza watoto wamalize shule" anaweza kurudi akikuta mlango umefungwa.

Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, Novemba 16, 2024 na kuua watu zaidi ya 20, wengi waliuliza nani alikagua. Swali hilo ni la haki. Kwa familia inayonunua, wakati wake mzuri ni kabla ya kuhamisha vitanda.

Kabla ya kusaini, na siku kasoro ikionekana

Kabla ya kazi, mzazi amwombe mkaguzi mambo manne: namba yake ya usajili au leseni, uthibitisho wa bima kama anayo, orodha ya atakavyoviangalia na asivyoviangalia, na sehemu ya mkataba inayotaja kikomo cha fidia. Maswali ya familia yaandikwe na yaambatanishwe. Mkaguzi asiwe yule anayeletwa na dalali ambaye hapati kamisheni biashara isipokamilika.

Siku ya ukaguzi, mmoja wa wazazi awepo. Anayetembea na mkaguzi anaona kwa macho yake, na anaweza kuuliza papo hapo kwa nini kona moja ya dari imepakwa rangi mpya na nyingine zimeachwa. Kama muda unaruhusu, nyumba iangaliwe tena baada ya mvua. Paa husema ukweli wake masika.

Ripoti ikija, isomwe yote, si ukurasa wa muhtasari tu. Maneno kama "inashauriwa mtaalamu wa paa aangalie zaidi" si mapambo. Mnunuzi akiyapuuza, mahakamani yatasomwa dhidi yake.

Kasoro ikijitokeza baada ya kuhamia, picha zipigwe siku hiyo hiyo, na mkaguzi apewe taarifa kwa maandishi kabla fundi hajagusa kitu. Mikataba mingi inamtaka mteja ampe mkaguzi nafasi ya kuja kuangalia, na kurekebisha haraka bila kumwita kunaweza kuharibu ushahidi. Hatari ikiwa kubwa, watoto wahamishwe chumba, maji au umeme ufungwe, na matengenezo ya dharura tu yafanyike, risiti zikitunzwa. Kisha wakili aonwe mapema, akiwa na mkataba na ripoti mkononi. Muuzaji naye asisahauliwe, maana aliyeficha kasoro anayoijua anaweza kuwa na deni kubwa kuliko mkaguzi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Pale Norwich ufa wenyewe ulikuwa swali moja ambalo lingejibiwa kwa ngazi, tochi na dakika chache darini: matofali yale yameshikiliwa na nini? Mkaguzi hakuliuliza. Mama, aliyelipa pauni 36.89 na kuamini kwamba limeulizwa, alisubiri hadi mwaka 1989 kupata jibu la mwisho la mahakama.